Chapa ya Vileja vya Bi. Nunu

Hapo zamani, katika mji wa Ndagani, kwenye kisiwa cha karafuu, waliishi dada wawili wa tumbo moja waliokuwa hawasemezani. Mkubwa aliitwa Bi. Zuwena, mdogo aliitwa Bi. Khole. Mtaa wao ulikuwa mmoja, kisima chao kilikuwa kimoja, lakini Bi. Zuwena akiteka maji asubuhi, Bi. Khole huteka alasiri.

Ugomvi wao haukuwa wa shamba wala wa nyumba. Ulikuwa ugomvi wa chapa na sahani.

Mama yao, marehemu Bi. Nunu, alikuwa fundi wa vileja. Kila Idi alivioka kwa unga wa mchele na samli, akavitia iliki, kungumanga, mdalasini, na karafuu kwa mbali. Vileja vya wengine vilihitaji meno, vya Bi. Nunu viliyeyuka ulimini, na wazee wa mtaa wasio na hata jino moja walivisubiri mwaka mzima. Juu ya kila kileja alikandamiza chapa ndogo ya mti wa mfenesi, iliyochongwa nakshi ya kichala cha karafuu. Aliyeiona nakshi ile hakuuliza vileja vimetoka wapi.

Bi. Nunu alipofariki, kabla vitu vyake havijagawanywa, Bi. Zuwena aliichukua chapa akaitia mkobani. Siku iliyofuata alimpelekea mdogo wake chakula cha msiba katika sahani ya mama yao, ile ya kauri yenye maua ya buluu. Bi. Khole alikila chakula, akaizuia sahani.

Anayeijua Ndagani anajua uzito wa jambo hilo. Mjini humo sahani iliyoletwa na chakula hairudishwi tupu, na sahani isiyorudishwa kabisa ni sawa na mlango uliotiwa komeo.

"Ailete chapa, ataipata sahani," alisema Bi. Khole.

"Airudishe sahani, ataiona chapa," alisema Bi. Zuwena.

Idi ikaja, Idi ikaenda. Sahani ikakaa kabatini kwa mdogo, chapa ikakaa mkobani kwa mkubwa, na vileja vya Bi. Nunu havikuokwa tena.

Kisha, katika kumi la mwisho la mwezi wa Ramadhani, habari ilifika nyumbani kwa Bi. Khole. Aliileta Makame, mdogo wa marehemu mumewe. Makame alikuwa mpiga ngoma ya daku. Kila alfajiri alipita mitaani akiwaamsha watu ili wale kabla ya adhana, akiwataja kwa majina waliozoea kulala sana, na kutwa alitembea akijisifu kwamba Ndagani nzima inafunga kwa mgongo wake.

"Shemegi," alisema, akiketi barazani, "dada yako anahama. Mwanawe amekuja kumchukua aende bara. Wanaondoka siku ya pili ya Idi."

"Aende salama," alijibu Bi. Khole.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ulitaka nimpigie ngoma?"

Lakini Makame alipoondoka, Bi. Khole alilifungua kabati, akaitoa sahani, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake. Alijiona akizeeka na sahani hiyo kabatini, na dada yake akizeeka ng'ambo ya maji, na siku moja mtu akileta salamu za msiba. Akajua kwamba kama sahani haikurudi Idi hiyo, haitarudi. Akajua pia kwamba haiwezi kurudi na kitu kingine chochote ila vileja vya mama yao.

Tatizo lilikuwa moja. Hakujua vipimo.

Vipimo alivijua mtu mmoja tu: Bi. Sichana, jirani wa ukutani, aliyetwanga na kukanda pamoja na Bi. Nunu tangu ujana wao. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuwa na mume wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kutengeneza achari ya maembe kwa ajili ya sahani za Idi za mtaa mzima.

Bi. Khole aliroweka mchele, akauanika, akausaga unga. Kisha asubuhi ya siku ya ishirini na tisa ya mfungo, siku ambayo mwezi ungeweza kuonekana magharibi, alibisha hodi kwa Bi. Sichana akamweleza shida yake.

Bi. Sichana alipapasa kifuniko cha mtungi wake wa achari. Alikipapasa mpaka Bi. Khole akadhani hakusikia.

"Nimesikia, mwanangu. Tatizo ni kwamba marehemu mama yako aliniwekea sharti. Aliniambia, 'Sichana, vipimo hivi usimpe Zuwena peke yake, wala usimpe Khole peke yake. Wakija pamoja, wape.' Nami nilimwekea ahadi kitandani pake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu."

"Tukija pamoja tutakuwa tumekwisha patana, Bi. Sichana. Mimi ninavitaka ili tupate kupatana."

"Ndiyo hilo ninalolifikiria."

Akafikiri tena. Kisha akasema, "Yeye alitaka mkae jamvi moja. Kama ninaivunja ahadi ili mkae jamvi moja, basi nitajieleza kwake tutakapoonana. Nipe mkono nisimame. Beba na kinu hicho hapo uani, zamu yangu imekwisha."

Kinu hicho kilikuwa cha mtaa. Kilichongwa kwa mninga, na siku za kuelekea Idi kilizunguka nyumba hadi nyumba: leo huku kinatwanga iliki, kesho kule kinatwanga bizari ya pilau. Bi. Khole alikibeba kichwani, akamshika mkono Bi. Sichana, wakaenda.

Nyumbani walimkuta Hidaya akichekecha unga. Hidaya alikuwa mke wa Seif, mtoto wa pekee wa Bi. Khole, aliyekuwa shambani kwenye uchumaji wa karafuu. Alikuwa binti mtaratibu, mwepesi wa kazi, mzito wa maneno. Mwaka uliopita mimba yake ya kwanza iliharibika baada ya mtaa mzima kumpongeza, na tangu hapo alizidi kunyamaza.

Makame naye aliitwa, maana kazi ya moto ilihitaji mtu mwenye subira ya kukaa juani. Vileja huokwa kwa moto wa juu na wa chini: makaa machache chini ya sufuria pana, makaa mengi juu ya bati linaloifunika, na mtu wa kuyahamisha makaa hayo kwa koleo.

Kazi ikaanza, kila jambo kwa wakati wake. Kwanza Bi. Khole alitwanga viungo kwenye kinu. Kisha Bi. Sichana aliipiga samli na sukari kwa kiganja mpaka ikawa nyeupe kama povu. Kisha wakatia viini vya mayai, kisha viungo, kisha unga kidogo kidogo. Nusu ya unga wakaiweka kando, kwa ajili ya vileja vya watoto wa mtaani.

"Sasa sikiliza siri yenyewe," alisema Bi. Sichana. "Watu huvisubiri vileja vibadilike rangi, kisha huviacha vipoe kwa upepo. Mama yako alivitoa vingali vyeupe, akavifunika kwa kanga safi vikiwa na moto wake. Mvuke ukirudi ndani, vinalainika."

Walitengeneza vileja, wakavipanga, Makame akavioka. Vilipotoka, Bi. Sichana aliinamisha pua. Lakini mtaa mzima siku hiyo ulinuka karafuu zilizoanikwa majamvini na siki ya achari, na pua yake ikarudi bila habari.

"Kwa macho vikoje?"

"Vyeupe, na kingo hazikupasuka," alijibu Hidaya.

Hakuna aliyevionja, kwani mchana wa Ramadhani, mkiwa watu wenye mfungo, mtaonja nini? Wangetema, na hilo linaruhusiwa kwa mpishi, lakini Bi. Khole hakutaka hata shaka iguse mfungo wake siku ambayo huenda ikawa ya mwisho. Akavipanga kwenye sahani ya maua ya buluu, akaifunika kwa kawa la ukili, akaketi kuitazama. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Alianza kupanga maneno atakayosema: "Dada, nimekuletea sahani yako." Akayarudia kwa sauti ya chini. "Dada, nimekuletea..."

Hapo ndipo Makame alipoliweka koleo chini.

Macho yake yalikuwa mekundu na machozi yakimtiririka. Bi. Khole alidhani ni moshi.

"Shemegi," alisema Makame, "usiipeleke sahani hiyo."

"Kwa nini?"

"Vina pilipili."

"Umejuaje?"

Makame alitazama makaa. Alitazama ukuta. Mwishoni alimtazama Bi. Sichana, kwa sababu ni yeye peke yake asiyeweza kumwona.

"Nimekula kimoja," alisema.

Mpiga ngoma ya daku, anayewaamsha watu kwa majina, amekula mchana.

"Umesahau kwamba umefunga," alisema Bi. Khole, akimtafutia njia. Maana aliyesahau hana lawama.

"Sikusahau. Na si mara ya kwanza mwezi huu. Hiki nilikiiba mlipogeuka. Mwanzo kilikuwa kitamu, nikashukuru. Nilipomeza ndipo koo likawaka moto. Nimekaa hapa nikiwaza nifanye nini bila kusema. Nilifikiri nijikwae niiangushe sahani."

"Mbona hukufanya hivyo?"

"Sahani ya Bi. Nunu, shemegi? Ningeivunja hiyo, ingebaki nini cha kurudisha?"

Bi. Sichana alipapasa mpaka akakifikia kinu. Alikwangua kwa ukucha ndani yake, akausugua ukucha kwenye kope. Jicho likawasha.

"Ni mimi," alisema polepole. "Jana nilitwanga humu pilipili za achari. Nilikiosha kinu, lakini mti unahifadhi. Nilipaswa kukwambia na nimesahau."

Bi. Khole aliona kwa ukamilifu mambo ambayo yangetokea: dada yake akilifunua kawa, akitia kileja mdomoni, akimeza. Pilipili ndani ya sahani ya kupatana. Zuwena asingeuliza kosa la kinu. Angesema, "Mdogo wangu amengoja miaka yote hii ili anichome koo," na angepanda chombo siku ya pili ya Idi na kiapo juu ya moyo wake.

Lakini sahani ilikuwa bado hapo, mbele yake, na haijatoka nyumbani.

"Unga umebaki nusu," alisema. "Simameni."

Vileja vya watoto wa mtaani vikaahirishwa. Viungo vilisagwa upya, safari hii juu ya jiwe la nyumbani lililosuguliwa kwa mchanga. Samli ikapigwa tena. Unga ukatiwa. Kisha Bi. Sichana akaitoa mikono yake kwenye donge, akaiinua.

"Khole, mimi viungo ninavipima kwa ncha za vidole. Mara ya kwanza vidole vilikuwa vimetulia. Sasa nimeshtuka, siviamini. Mtu lazima aonje."

"Nitaonja kwa ncha ya ulimi niteme."

"Haitoshi. Karafuu haisemi mdomoni, husema kooni. Muulize shemegi yako."

"Basi aonje yeye, si amekwisha kula?"

"Ulimi wangu umekufa," alisema Makame. "Hata makaa nikiyatafuna sitayasikia. Tena aliyekula bila udhuru hujizuia mpaka magharibi. Leo nimekwisha jitia aibu ya kutosha, msiniongezee."

"Tungoje adhana," alisema Bi. Khole.

"Donge hili halingoji," alisema Bi. Sichana. "Likilala, unga unaifyonza samli, na vileja vinakuwa mawe. Na unga mwingine huna. Wala mtoto hafai kuonja, kwake kila kitu ni kitamu."

Wakatazamana. Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa minazi, na unga ulikuwa huo huo.

"Nitaonja mimi," alisema Hidaya.

"Umefunga, mwanangu."

"Sikufunga, Mama."

Makame aligeuka. "Hata wewe? Basi katika nyumba hii ngoma yangu ilikuwa inamwamsha nani?"

"Nyamaza, shemegi," alisema Bi. Khole. Alikuwa amesimama na mikono yenye unga. "Tangu lini, Hidaya?"

"Tangu siku ya kwanza. Ninaamka daku ninakula pamoja nanyi, na mchana ninakunywa maji na kula kidogo nikiwa peke yangu chumbani." Akainamisha kichwa. "Mkunga alinikataza."

Mkunga. Neno hilo lilikaa uani kama mgeni aliyeingia bila hodi. Bi. Khole alilisikia, akalielewa, na asithubutu kulirudia. Alijua kwa nini binti huyu alikuwa amenyamaza. Mwaka uliopita vigelegele vilikuwa vingi, na baada ya vigelegele kikaja kilio. Hidaya na mumewe walikuwa wamekula kiapo: safari hii hakuna atakayejua mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Na sasa alikuwa amelisema mbele ya mama mkwe, mbele ya jirani, na mbele ya mwanamume ambaye kazi yake ilikuwa kupita mitaani akitangaza.

Bi. Khole alivuta kigoda, akakifuta unga, akamketisha Hidaya. Kisha akamletea maji katika kikombe, mbele ya wote.

"Kunywa kwanza," alisema. "Ulimi mkavu hauonji vizuri."

Hidaya akanywa. Akamega donge kidogo, akaweka ulimini, akameza.

"Linauma mbele ya ulimi au nyuma?" aliuliza Bi. Sichana.

"Nyuma, Bibi. Kidogo, kama linatia ganzi."

"Karafuu imezidi. Khole, ongeza kungumanga, kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Onja tena. Sasa?"

"Ganzi imeondoka. Lakini ni kama kuna kitu kinaanza kisha kinakatika."

Uso wa mzee ukafunguka. "Hiyo ni iliki, bado haijatosha. Ongeza, ongeza kidogo. Sasa niambie: ukimeza, utamu unabaki wapi?"

Hidaya alifumba macho. "Juu, Bibi. Karibu na pua. Unabaki, hauondoki."

"Ndivyo vyenyewe," alisema Bi. Sichana. "Ndivyo vyenyewe hivyo."

Makame alivioka kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kutazamwa. Walivitoa vingali vyeupe, wakavifunika vikiwa na moto wake. Adhana ya magharibi ilipolia, Bi. Khole alifungua mfungo wake kwa tende, na baada ya tende akala kileja kimoja. Kiliyeyuka. Alikaa na mkono mdomoni, na Hidaya akamwona akilia bila sauti.

Makame alisimama kuondoka. Mlangoni alimwambia Hidaya, "Mwali, siri yangu unayo, na yako ninayo. Mimi nimezoea kupiga ngoma, lakini hii sitaipiga."

Kabla hajafika njiapanda, watoto walisikika wakipiga kelele kutoka upande wa ufukweni. Mwezi ulikuwa umeandama.

Asubuhi ya Idi, watu waliporudi kutoka kuswali, Bi. Khole alivaa kanga mpya, akaibeba sahani kwa mikono miwili, akaenda. Mlango wa dada yake ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mizigo iliyofungwa kamba.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mwenye sahani yako."

Maneno aliyoyapanga yote yalikuwa yamemtoka. Bi. Zuwena alijitokeza, amekonda kuliko alivyokuwa, mvi zimeshuka mpaka kwenye nyusi. Alitazama sahani. Alilifunua kawa. Alichukua kileja kimoja, akakigeuza.

"Hakina nakshi."

"Nakshi umeifungia mkobani, dada."

Bi. Zuwena alikitia mdomoni. Bi. Khole alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe. Dada yake alimeza, akangoja, kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. Kisha akaegemea mlango.

"Mama," alisema. Hilo tu.

Walikaa jamvi moja. Walilia kwanza, kisha wakala, kisha wakaulizana nani alianza, kila mmoja akasema ni yeye. Bi. Khole alisimulia yote kwa mpangilio wake: ahadi, kinu, pilipili, kileja kilichoibwa, na mtu mwenye udhuru aliyeonja, ambaye udhuru wake hakuutaja. Bi. Zuwena alicheka mpaka akashika mbavu.

"Makame? Yule aliyekuwa akinipigia ngoma dirishani, 'Bi. Zuwena, pepo hailaliwi'?"

"Huyo huyo."

"Na ungeniletea vile vya kwanza..."

"Ungeapa."

"Ningeapa mbele ya kaburi la mama," alisema Bi. Zuwena, na kicheko kikamwisha. "Tusingeonana tena, Khole."

Akainuka, akafungua mkoba, akatoa chapa ya mfenesi. Sahani ilikuwa imebaki tupu. Akaiweka chapa katikati yake, juu ya maua ya buluu, akafunika kwa kawa.

"Sahani hairudi tupu," alisema. "Nenda nayo. Sasa zamu ya kuirudisha ni yako tena, na safari hii utaileta bara mwenyewe. Ama chapa, sikupi wewe, wala sibaki nayo mimi. Sisi wawili tumeigombania mpaka tukakaribia kupoteana. Mpe yule ambaye bila yeye vileja hivi visingenifikia. Yeye ndiye atakayeoka vileja vya Bi. Nunu kila Idi, na nyumbani kwake ndiko watu watakakokwenda kuvichukua."

Bi. Khole alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Aliwaita watu watatu, akaifunua sahani mbele yao, akawaeleza sharti.

Makame alikuwa wa kwanza kusema, kama kawaida yake. "Shemegi, najua ninavyoonekana. Lakini kama ningenyamaza, ningebaki mtu mwema wa Ndagani, na sahani ya pilipili ingetoka mlangoni. Hakuna aliyenilazimisha. Leo nikipita mitaani ninaona haya hata kwa paka. Hao wenzangu walitoa walichokuwa nacho. Mimi nilijivua nguo."

"Ulijivua nguo uliyokwisha itoboa mwenyewe," alisema Bi. Sichana. "Tumbo lako ndilo lililoonja, si dhamiri yako. Mimi nimevunja ahadi niliyomwekea marehemu. Bila vipimo vyangu, mngeoka nini? Wewe ungeiba nini? Na mimi sina mtoto, sina mjukuu. Nikiwa na chapa hiyo, watu watakuja mlangoni kwangu walau siku moja kwa mwaka."

"Na bila kinu chako, Bi. Sichana, pilipili ingetoka wapi?"

"Hilo kweli," alisema mzee. "Silikatai."

Bi. Khole alimgeukia Hidaya. "Na wewe, mwanangu?"

Hidaya alitikisa kichwa, kwamba hana madai.

"Sema. Bi. Sichana hawezi kukuona unavyotikisa kichwa."

Hidaya aliweka mkono juu ya tumbo, kisha akauondoa haraka. "Vipimo vya Bibi vilikuwa vimepotea vidoleni. Ukweli wa ami Makame ulizuia vileja vibaya kwenda, lakini haukupika vizuri. Vilivyofika kwa mama Zuwena vilipita ulimini mwangu. Nimelipa kwa kitu ambacho si changu peke yangu, na bado kila usiku naogopa. Lakini ni kweli vilevile kwamba kama ningesema mapema kwamba sikufunga, ningeonja donge la kwanza, na unga usingepotea, na ami Makame asingefedheheka."

"Usinionee huruma, mwali," alisema Makame. "Ningeiba tu."

Hata Bi. Sichana alicheka.

Bi. Khole aliipakata chapa. Alipitisha kidole juu ya nakshi, akasikia kila konyo, kijiti cha karafuu, mahali pake, kama mama yake alivyoliacha. Mmoja alivunja ahadi ya marehemu, na kinu chake ndicho kilichoharibu. Mmoja alikula mchana wa Ramadhani, na wizi wake ndio uliookoa. Mmoja alificha ukweli mwezi mzima, akautoa saa ile ile ulipohitajika. Nje watoto wa mtaani walikuwa wamekusanyika na nguo zao mpya, wakiuliza vileja vyao viko wapi. Chapa ilikuwa moja, na watu waliokuwa wakimtazama walikuwa watatu.

Basi nanyi mliokuwapo uani pamoja nao tangu mchele ulipoanikwa, mmekwisha yasikia yote na hakuna lililofichwa. Je, chapa ya Bi. Nunu ilimstahili nani: Bi. Sichana, Makame, au Hidaya?